Pasta Aliyembeba Maria

Wamaza, Jumapili jioni. Mvua imekatika, lakini moyo wangu bado haujatulia.

Upepo wa juzi uling'oa paa la kanisa letu la Kikatoliki. Jana asubuhi nilikimbia huko na wanakwaya wenzangu kuokoa vitu, mvua ikipiga hadi altareni. Mlangoni tukakutana na Pasta Lukamba wa kanisa jirani la uamsho. Alikuwa anatoka, amekumbatia sanamu yetu ya Bikira Maria.



Huyu ndiye ambaye kila Jumapili hushika mikro, spika zikivuma hadi kwetu, na kutuita waabudu sanamu, nasi tunamsikia tukiwa kwenye viti vyetu. Nikajua amekuja kuivunja. Nikamshika mkono, nikamwambia airudishe. Ndipo nikaona ameifunika kwa koti lake, mwenyewe amelowa chapachapa.

Akasema taratibu: "Mama Faida, mimi siombi kwa Maria, na sitaomba. Lakini nyinyi ni bandugu yangu. Kesho mukuje kusali kwangu, mabati iko."

Nikauachia mkono wake.

Leo tumesali kwake. Padri yuko Kasongo, kwa hiyo ibada iliongozwa na katekista wetu, Papa Kalonda. Kabla hatujamaliza wimbo wa kwanza, Mama Sifa, shemasi wa Pasta tangu kanisa lake lilipokuwa la nyasi, alitokea mlangoni. Aliiona sanamu mezani. Akasema hatakanyaga tena humo, akaondoka, na waumini wengi wa Pasta waliokuwa pale wakamfuata.

Pasta hakuwakimbilia. Alibaki ameketi. Ulipofika wakati wa kutakiana amani, alinyanyuka akatushika mkono mmoja mmoja.

Njiani nilimuuliza Papa Kalonda: kama ingekuwa ni paa lao lililong'oka, sisi tungewafungulia mlango?

"Tungewapa turubai," akasema.

Nilikuwa nikidhani upendo ni kuvumilia kelele za jirani. Sikujua kuna mtu anaweza kukataa imani yangu hivyo, halafu akapoteza watu wake kwa ajili yangu.

Jumapili ijayo Pasta na waliobaki naye watasali baada yetu. Sitaondoka. Nitakaa nisikilize mahubiri yake hadi mwisho, hata akimsema Maria vibaya.

Nitaweza kunyamaza? Sijui. Lakini nitakaa.