Herufi za Masizi Kisimani

Mjukuu wangu, sisi wazima, uwele umechanua. Unauliza tangazo lako la chanjo uliandike kwa herufi gani. Nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu.

Enzi za Wadachi, yaani Wajerumani, nikiwa mwanafunzi mwenye haya, maji ya kisima yalianza kuua ng'ombe. Mwalimu akaandika onyo kwenye ubao pale kisimani, kwa herufi nyoofu kama za matangazo ya serikali bomani. Wafugaji wakalikwepa wakidhani ni tangazo la kodi. Bila ruhusa nikaliandika upya kwa masizi na kijiti kilichotafunwa. Mkono ulitetemeka, herufi zikakwaruzika.

Mzee mmoja akasimamisha kundi lake. “Wee mwanangu, hii kaandika mtu mwenye hofu. Kuna nini?”

“Maji yanaua, babu.”

Akageuza ng'ombe wote. Mara buti za mwalimu zikakaribia. Nikauficha ubao kwa mgongo, kisha nikasogea auone mwandiko wangu.