Sabla niliyoivisha koti la mvua

Ijumaa. Jua limerudi hapa mjini kwetu Al Qabil, mvua imekwisha.

Wacha niseme moja kwa moja. Ule ukuta wa sabla ulioharibika, mimi ndiye niliyeuharibu.

Sabla ni ukumbi wa wanaume wa hara yetu, yaani mtaa wetu wa zamani. Ndipo tunapokunywa kahawa, tunapopokea rambirambi, tunapopanga harusi. Imejengwa kwa udongo na majani makavu, na wazee tusiowajua hata sura. Sasa mamangu kanilea Kizanzibari: Idi haiji nyumba haijapigwa chokaa. Basi Idi ilipokaribia nikaona aibu, wageni watakuja na ukuta umechubuka. Nikamwambia fundi Karim aupige saruji, kisha rangi nyeupe. Sikumuuliza mtu. Wallahi ulipendeza. Nikawatumia ndugu picha.

Mvua ilipokuja ukuta ukavimba. Maji yaliingia kwa juu, saruji ikayazuia kutoka. Ndani udongo ukawa uji.

Binti wa dada yangu, Thuraya, anapima na kupiga picha kila nyumba ya hara, ili zitunzwe kama zilivyo. Alipouona ukuta akapiga ukelele: "Nani kafanya hivi?" Wazee wote wapo. Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikajibu: "Fundi huyo. Mie nilimwambia udongo."

Wakamfukuza Karim. Na ukuta wakasema udongo wake umeshaoza, ubomolewe, ujengwe wa matofali ya saruji.

Nimekaa na uongo ule wiki nzima.

Jana nikamwambia mamangu. Hakunigombeza. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, umemvisha mzee wa watu koti la mvua, sasa unashangaa anatoka jasho? Si umvue!" Kisha akaacha kucheka. "Na Karim je?"

Na Karim je.

Leo baada ya sala, vikombe vya kahawa vikizunguka, nikasimama nikasema yote, nikaomba ukuta uvuliwe saruji ukauke. Ami Salim, mkubwa wetu, akatikisa kikombe chake kuonyesha katosheka, akanitazama weee.

"Basi hakuna kubomoa. Uibambue hiyo saruji yako, ukuta uupake udongo. Na ukianguka, tutakubomoa wewe."

Wakacheka. Sijapata kufurahia kuchekwa namna ile.

Karim nilimfuata kwake. Nikamwomba radhi mlangoni, mbele ya wenzake, kwa sababu mbele ya wenzangu ndipo nilipomsingizia. Akasema atakuja, lakini udongo nitaukanyaga mimi.

Haki yake.

Nimeugonga ukuta kwa ngumi kabla ya magharibi. Chini bado mgumu. Utasimama, sina wasiwasi. Thuraya anataka kuupiga picha kabla hatujaanza. Nimemwambia anipige na mimi, mbele ya madoa yangu.

Udongo tumeshauloweka. Asubuhi naingia miguu mitupu.