Dhahabu Katika Shimo la Choo

Jumatatu, 9 Juni
Shuleni saa mbili, kama kila siku. Nimegonga tangi la maji ya mvua: limejaa nusu. Nimechungulia shimo la choo cha wasichana: bado linachimbwa. Afisa wa afya alivifunga vyoo vya zamani vilipotitia wakati wa masika. Ametupa muda hadi Jumatatu ijayo. Choo kipya kisipokuwapo siku hiyo, shule inafungwa. Slabu za zege ziko tayari ndani ya stoo, na ufunguo ninao mimi, mwenyekiti wa bodi. Kilichobaki ni shimo.

Mjukuu wangu Atieno, wa gredi ya saba, ana homa tena. Hanywi maji kuanzia asubuhi ili asilazimike kwenda vichakani, mahali ambapo wachimbaji hupita. Mama yake anataka kumpeleka kwa mjomba wake, Homa Bay. Anazungumza kana kwamba mimi ndimi niliyevibomoa vyoo.

Jumanne, 10 Juni
Nimeudhika. Tuliwaajiri vijana wa migodi ya Osiri kwa sababu hakuna wachimbaji wepesi kuwashinda. Hatukufikiri zaidi ya hapo. Mchimbaji wa Osiri hachimbi kwa kufuata kipimo, huchimba kwa kufuata mwamba. Leo shimo halikuwa limeongezeka kina. Lilikuwa limepinda. Linaelekea chini ya darasa la gredi ya sita.

Okoth, msimamizi wao, ambaye pia ni shemasi katika kanisa letu la Sabato, alitoka chini amejaa vumbi, akanionyesha jiwe. Lilikuwa na mstari mwembamba unaong'aa.

"Mwalimu, hii si choo tena. Watoto wangoje kidogo tu."

Nilimwuliza watoto wangoje wapi. Alicheka. Vijana wote walicheka.

Jumatano, 11 Juni
Habari imefika hadi Karungu. Wazazi wamekuja kwa pikipiki, na si kwa ajili ya choo. Okoth ameahidi kila boma fungu lake la dhahabu. Watu niliowafundisha kusoma walinitazama kama mtu anayewazibia riziki. Chifu anasema ni jambo la wazazi. Mwalimu mkuu, Bi Akinyi, alijaribu kusema akazomewa. Mwanamke mwenye akili na msimamo, amezomewa katika ua wa shule yake.

Mimi sikuzomewa. Walinyamaza tu hadi nikamaliza, kisha wakaendelea kupiga gumzo. Ni vibaya zaidi.

Alhamisi, 12 Juni
Tangi ni tupu. Wameyatumia maji ya kunywa ya watoto kuosha mawe yao yaliyosagwa. Bomba waliliacha wazi. Kando ya tangi palikuwa na beseni lenye zebaki, ile sumu ya kunasia dhahabu, na watoto wa chekechea walikuwa wakiisukuma kwa vijiti kwa sababu inateleza vizuri. Bi Akinyi aliwafukuza kwa sauti ambayo sijapata kuisikia. Akawanawisha mikono kwa soda ya dukani, kwa kuwa hapakuwa na maji.

Nina hasira. Sina la kuongeza.

Ijumaa, 13 Juni
Okoth amesema Jumapili asubuhi wataleta baruti. Baruti, chini ya darasa. Nilimwambia atakuwa amelipua shule. Akaniambia kwa heshima zote kwamba dhahabu ikipatikana tutajenga shule ya ghorofa, na vyoo vya kuvuta maji.

Usiku huweka walinzi. Mchana wako shimoni. Wakati pekee ambapo hapana mtu ni kesho, wakati wa ibada. Wote ni Wasabato. Mimi pia. Ni mzee wa kanisa.

Bi Akinyi ni Mkatoliki, na kina mama wengi wa kamati yake vilevile. Alinijia jioni nikiwa ninaingiza kuni ndani kabla jua halijatua na Sabato kuanza. Wako tayari kuweka slabu. Lakini bila mwenyekiti hawagusi kitu. Watashtakiwa kwa wizi. Na wana wazo lililonifanya nikohoe. Choo kikishatumika, hakuna mchimbaji atakayeshuka humo, hata kukiwa na dhahabu ya nchi nzima.

Nilimwambia nitampa ufunguo. Akasema hataki ufunguo, anataka mwenyekiti.

Sikula.

Jumamosi, 14 Juni
Nilivaa suti ya ibada. Nilifika njia panda. Kulia kanisa, kushoto shule. Nilisikia wimbo wa kwanza ukianza. Nilikwenda kushoto.

Kina mama walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Tulipaza sauti shimoni mara tatu kuhakikisha hapana mtu. Kisha slabu, moja baada ya nyingine, juu ya ukingo wa matofali. Nilishika pembe moja kama wengine. Suti imechanika begani. Waliziba viungo kwa saruji na kuzungusha turubai.

Hapo ndipo Mama Otieno, muuza dagaa wa omena, alipojifunga leso upya na kutangaza, "Mimi nafungua rasmi! Japuonj, wewe geuka uangalie ziwa!"

Japuonj, yaani mwalimu, ndimi; mwanamume mwingine hakuwapo. Niligeuka. Wakapanga foleni, wakicheka hadi wengine wakaketi chini. "Okoth ashuke sasa, tuone!" "Usiharakishe, dada, hii ni kazi ya jamii!" Kisha nikamwona mke wa mwanangu, mama yake Atieno, katika foleni ile. Baba mkwe hawezi kusimama hapo. Niliondoka upesi hadi nje ya lango, na kicheko kikaongezeka.

Jumapili, 15 Juni
Okoth alikuja na vijana. Aliinua turubai. Akairudisha. Baruti ilirudi ilikotoka. Wazazi kadhaa wamenitukana barabarani, mmoja wao kwa Kiswahili kizuri.

Jumatatu, 16 Juni
Afisa wa afya amekikagua choo na kukikubali. Ametaka mabati badala ya turubai, na tangi lisuguliwe kabla ya kutiwa maji. Shule haifungwi. Mama yake Atieno hajataja Homa Bay tangu jana.

Jumamosi, 21 Juni
Ibada. Baraza la kanisa lilikutana nami kwanza. Mchungaji, kijana mpole, alisema ingetosha niseme mbele ya waumini kwamba najuta kuivunja Sabato. Nilimwomba dakika moja. Nilijaribu kwa dhati. Sikupata majuto, na sisemi uongo kanisani.

Nimeondolewa uzee wa kanisa. Darasa langu la Biblia amepewa mwingine. Nilikaa benchi la nyuma, karibu na kina mama wenye watoto wachanga. Kutoka huko mahubiri hayasikiki vizuri. Mtoto mmoja alinishika kidole hadi mwisho wa sala.