Nyumba Namba Tisa, Shamba la Pell

Kituo cha Reli, Aldenhurst
Alhamisi jioni

Dada yangu mpendwa Harriet,

Hujambo, na goti la Baba linaendeleaje? Mimi mzima, tena nimechanua. Wiki ya saba hii ya ndoa, na bado nikimsikia Edmund akipiga mluzi bafuni moyo unaniruka. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la kituoni, nikimngoja Edmund arudi kutoka kazini. Nimeshainuka mara nne kutazama reli.

Unajua tunakaa kwa mama yake. Ananipenda, Harriet, chai ya kwanza ya asubuhi ni yangu. Lakini chumba chetu ni kile kile cha Edmund cha utotoni. Kitanda kinalia, na kila kinapolia Mama hukohoa upande wa pili wa ukuta.

Mama ndiye kiongozi wa wanaopinga nyumba mpya zinazojengwa kwenye shamba la Pell. Kila Jumamosi husimama getini pale na wenzake. Juzi alisema nyumba zile ni maboksi ya viatu, na watakaohamia ni watu wasiojua hata kufunga geti la ng'ombe. Jirani yetu, Bwana Tapley, akamkumbusha Mama kuwa hata yeye alihamia kijijini na lori la mizigo. Akaambiwa anywe chai yake kabla haijapoa. Mabango yote, "Shamba letu si la matofali," nimeyaandika mimi, maana wanasema nina mwandiko mzuri.

Sasa nikuambie linalonikosesha raha. Mwezi uliopita niliingia ofisi ya wajenzi wa nyumba hizo nikaandikisha jina letu tupate moja. Edmund sikumwambia. Jana ikaja barua: tumepata namba tisa, twende Jumamosi kuiona. Yaani nipite geti lile lile, mbele ya Mama, chini ya maneno yangu mwenyewe. Leo asubuhi nilimwambia Edmund hapa hapa, treni ikiingia. Alinitazama, akapanda treni.

Treni hiyo inakuja. Nasimama.

Naendelea haraka, amekwenda kuchukua baiskeli yake. Alishuka wa mwisho. Hakunibusu. Alifungua mkoba, akanipa futi ya kupimia, mpya kabisa, akauliza kama kitanda kikubwa kitapita mlangoni. Kisha akasema Mama tutamwambia leo, kabla ya chakula, na nitaanza mimi, kwa kuwa ananipenda kuliko anavyompenda yeye.

Futi iko mfukoni. Msalimie Baba, na mniombee mpaka tumalize supu.

Mdogo wako mwenye furaha na hofu,
Rosalind