Mchanga Mahali pa Bunduki

Rathenow,
9 Oktoba 1932

Mpendwa Dada Gesine,

Pokea salamu zetu. Naomba barua hii ikukute mzima huko Brazili, na kile kikohozi kiwe kimekuachia. Mke wangu Irmtraud hajambo, ila magoti. Mimi nasema sijambo kwa mazoea tu.

Simu ya maandishi umeshaipata: Ortwin wako hatunaye. Tulimzika Alhamisi, mvua ikinyesha. Alivyokufa wakubwa wa kiwanda chetu cha ndege hawakukueleza, wala hawatakueleza.

Unajua tangu tushindwe vita tumekatazwa kuunda ndege za kivita. Basi hii yetu ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, tuliiita ya michezo. Kwenye michoro yangu bunduki hazikuruhusiwa kuonekana hata kwa nukta. Mahali pake tulifunga magunia mawili ya mchanga, uzito uleule, na mwanao akairusha hivyo miaka miwili. Alinitania, "Mjomba, adui akija tutammwagia machoni?" Nikacheka, mpumbavu mimi.

Mwezi uliopita bunduki zenyewe zikaja, zimefichwa kwenye makasha yaliyoandikwa cherehani. Uzito haukuzidi hata kidogo. Lakini mchanga hutulia, Dada, bunduki hutikisa. Nguzo za kushikilia bawa la juu nilizichora mimi, kwa hesabu ya mchanga. Alipofyatua mara ya tatu bawa likang'oka, sote tukitazama.



Juzi mkubwa wangu, Bwana Rehbock, aliniletea karatasi inayosema Ortwin alishuka kwa kasi aliyokatazwa. Nikakataa. Akaniambia kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia: "Volkmar, bunduki hatuna. Sasa kitu kisichokuwepo kitavunjaje bawa? Ukisema zipo, ndugu yangu, umeuza nchi, na wauza nchi wanafungwa."

Nilitia saini, Dada. Niliogopa jela. Karatasi hiyo itakufikia na muhuri wake, na jina langu liko chini. Usiiamini. Mwanao hakukosea lolote. Aliyekosea ni mimi, na nimemsingizia maiti.

Laiti ningesema ni mapenzi ya Mungu. Siwezi. Leo asubuhi nimezichora upya zile nguzo, nene zaidi, na hazitavunjika. Imenichukua nusu saa.

Nisalimie Shemeji Anselm na binti yenu Hedda. Mungu awafunike, mwombeni ninyi, mimi sina uso wa kumwomba. Barua hii ukishaisoma ichome.

Ni mimi mdogo wako, niliyekupenda na nikakuulia mwana,
Volkmar