Uwitonze Anagawa Vitu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Wiki ya tatu, na benchi bado ni langu peke yangu. Madam Kapalamula, mwalimu wetu wa ushauri, alituwekea benchi nyuma ya maktaba. Saa ya mapumziko mshauri rika, yaani mimi, anakaa pale, na mwanafunzi mwenye mzigo moyoni anakuja. Basi nakaa. Anakuja mbuzi wa jirani.

Kosa ni langu. Siku ya kwanza nilikwenda na daftari tulilopewa kwenye semina ya ushauri Lilongwe, kalamu sikioni, nikajiona daktari. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi! Hapa mtoto wa miaka sita anajua kwamba mtu mwenye daftari anaandika faili la familia, na faili ndilo linaloamua nani atapanda ndege na nani atabaki. Majumbani wanafundishwa: hadithi yetu ni moja, usiongeze neno. Siku hizi daftari naliacha nyumbani, lakini sifa imeshatoka. Nikikaribia, wasichana wanabadilisha mazungumzo. Hata Mamy, niliyekuwa nakula naye.

Kule Biwi, mtaani Lilongwe, kabla serikali haijaturudisha kambini, nilikuwa na marafiki mpaka wa kugombana nao. Hapa sina hata wa kugombana naye.

Jumatano, 11 Juni

Amekuja mtu! Uwitonze, tunayekaa naye dawati moja tangu Septemba.

Hakuja kuongea. Alikuja na sweta yake ya bluu, imekunjwa vizuri, na seti ya hisabati juu yake. “Beba, Sumaya. Mi siko na lazima nayo tena.”

Niliruka. Safari! Hapa mtu akianza kugawa vitu huulizi mara mbili. Ndoo kwanza, halafu godoro, sufuria mwisho kabisa kwa sababu zinapika mpaka asubuhi ya kuondoka. Nikamuuliza lini. Alitabasamu — “Bientôt,” yaani karibuni. Nchi gani? “Utasikia.” Nikajua nyumbani wamemkataza kusema, wengi wanaogopa husuda. Nikamkumbatia, nikampongeza.

Halafu nikaenda chooni kulia. Huyu ni wa tatu kuondoka kwenye dawati langu. Wa kwanza Australia, wa pili Kanada. Naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma: sikufurahi hata kidogo. Nilimwonea wivu. Na sweta ina joto kweli.

Ijumaa, 13 Juni

Viatu kampa Mamy. Kamusi kampa msichana wa Form Two. Shule nzima inajua sasa, na saa ya mapumziko walimwimbia wimbo wa kuaga, wengine wakipiga madebe.

Mimi, kwa aibu ya wivu wangu, nikajifanya mwenye sherehe. Nikachukua karatasi kubwa, nikaizungusha darasani, kila mtu aandike neno la kwaheri. Watu thelathini na wanane. Nenda salama. Hatutakusahau. Umetutangulia, tutakufuata. Shukrani, ambaye hana akili, aliandika: pumzika na shida za kambi. Mimi niliandika: dawati litabaki na mimi.

Nikampa mbele ya wote. Aliisoma yote, polepole, mpaka jina la mwisho. Akaikunja mara nne.

“Kumbe mutaweza bila mi,” alisema.

Tukacheka. Nilicheka na mimi.

Jumapili, 15 Juni

Naandika upesi, mwandiko mbaya.

Asubuhi nilimkuta Mama Xaverine, mama yake Uwitonze, kwenye foleni ya maji. Nikamshika mikono miwili: hongera mama, Mungu awatangulie safarini. Akaweka ndoo chini.

“Safari gani? Nani alikuambia?”

Alinivuta kando. “Dossier yetu balishaifunga tangu mwezi wa ine. Hatuyaambia muntu.” Yaani faili lao limekataliwa tangu Aprili; wamekata rufaa, wanasubiri. Nikamwambia basi nimekosea, ni vile Uwitonze anagawa vitu — sweta, viatu, kamusi — na nikiwa katikati ya kuongea nikasikia maneno yangu mwenyewe.

Karatasi ya semina, siku ya pili. Dalili za mtu anayefikiria kujiua: anajitenga, halali, anagawa vitu anavyovipenda. Naikumbuka kwa sababu tulicheka! Sisi wa Dzaleka tulikuwa wanne, mmoja akasema kwetu hiyo inaitwa kupata ndege, na ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilicheka mpaka machozi. Mjinga. Mjinga kabisa! Msichana anataka kufa, na mimi nimemtafutia watu thelathini na wanane wa kumuaga.

Nikamwambia Mama Xaverine. Sikujua kulisema kwa upole. Alinibana mkono.

“Mutoto yangu hana wazimu, Sumaya. Ukipeleka ile maneno ku école, kwa Madam yenu, bataandika. Batasema ile familia iko na mugonjwa wa kichwa, batatufunga kabisa. Nakuomba, mwanangu. Nakuomba.”

Alikuwa analia kuliko mimi. Akasema Uwitonze alikwenda Lilongwe jana, kwa shangazi yake Annuarite, mtaa wa Kauma, kupumzika tu. Unaona? Anapumzika tu.

Simu ya Uwitonze imezimwa. Nimepiga mara kumi na moja.

Nikisema, labda naua rufaa ya familia ya watu sita. Nisiposema — hapana, siliandiki.

Jumatatu, 16 Juni

Nimesema.

Nilivumilia kipindi cha kwanza na nafasi tupu ubavuni. Cha pili sikukiweza. Nikaenda ofisini kwa Madam nikamwaga yote, hata ile karatasi ya kwaheri. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alimpigia shangazi palepale. Uwitonze yuko hai! Halali, hali chakula, hataki simu. Madam akamwomba shangazi asimwache peke yake hata dakika moja, usiku kucha. Nilikaa sakafuni.

Nikauliza kuhusu faili. Madam akasema mambo ya matibabu hayaingii huko, ndivyo anavyoamini. Anavyoamini. Hakusema ndivyo ilivyo, na nilisikia tofauti.

Kesho tunakwenda Kauma, ananitafutia ruhusa ya kutoka kambini. Mama Xaverine ameshajua. Amenipita sokoni bila kuitikia salamu.

Jumanne, 17 Juni, Kauma

Saa tisa alasiri. Madam yuko ndani na shangazi Annuarite, wanapanga kliniki ya kesho asubuhi. Mimi na Uwitonze tuko uani kwenye mkeka, juani. Amekonda usoni. Sasa amejilaza, basi naandika.

Nilimuuliza kwa maneno yaleyale ya semina, kwa kuwa yangu yalikataa kutoka. Unafikiria kujiua? Hakushtuka. Alitazama kuku wa shangazi kwa muda mrefu. Nikamwomba msamaha kwa ile karatasi. Akasema haikuwa mbaya, kuna watu biko na mwandiko muzuri.

Halafu akageuka: “Na we? Unaishi je, pale ku école?”

Semina inasema usijizungumzie, mrudishie swali mwenye shida. Sikumrudishia. Nilimwambia kwamba sina mtu. Kwamba Jumatano, aliponipa sweta, nilikwenda chooni kulia kwa wivu, na kwamba nilivyodhani anaondoka niliona mwaka mzima mbele yangu bila wa kuongea naye. Niliongea ovyo, kamasi zinanitoka, mshauri gani huyu. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Haukuniambia,” alisema.

“Na we haukuniambia.”

Madam alituletea nsima na maharage. Amekula matonge mawili, nimeyahesabu.

Lango linagongwa. Ni sauti ya Mama Xaverine, amekuja kumchukua mtoto wake, na ana hasira. Madam ametoka haraka kumpokea. Sasa Madam ananiita nije nieleze. Uwitonze amefumba macho, lakini ameshika ncha ya mtandio wangu, ameikaza. Siinuki. Wacha waite. Lile swali la semina bado hajalijibu.