Milioni Moja na Moja Inagawika

Igamba, kahawa ikiwa juani

Shangazi Rebeka,

Inagawika. Nisamehe kwa kuanza bila salamu. Ile namba yako, milioni moja na moja, inagawika, na mimi mtoto wa kaka yako ndiye niliyeigawa.

Unakumbuka ulivyoniambia tukipalilia mahindi? "Milioni yenyewe kila mtu anaigawa. Iongeze moja tu, uone wanavyokimbia." Mbili ikashindwa kuigawa, ikakimbia; tano nayo ikakimbia. Ukaanza kujaribu zile namba ulizoziita wagumu, zisizogawika ila kwa moja na kwa zenyewe. Saba, kumi na moja, kumi na tatu, zote zikabakiza mbili. Ukaendelea hivyohivyo, mgumu mmoja baada ya mwingine. Kichomi kilikukuta umemaliza tisini na saba. Hapo ndipo mwandiko wako ulipoishia.

Tulipotoka kukuzika, Baba alizishika karatasi zako akasema, "Hizi ndizo zilizommaliza dada yangu." Alitaka kuzichoma. Nilipiga magoti kumwomba. Akaniachia, lakini siku mbili hakusema nami.

Miezi mingi sikuzifungua. Ule mwandiko... sikuweza. Juzi, baada ya kuanika kahawa, nikazitoa. Mgumu anayefuata tisini na saba ni mia moja na moja. Nikagawa kwa kijiti, chini kwenye vumbi, nikangoja mabaki. Hayakuwapo. Shangazi, hayakuwapo.

Nikamwita Baba. "Nirudishie kwa kuzidisha," akasema, hajaamini. Jibu langu lilikuwa 9,901. Hiyo mara mia ni 990,100. Ongeza 9,901 yenyewe, unapata 1,000,001. Baba alichuchumaa akaitazama kwa muda. "Kumbe dada alikuwa amebakiza mmoja tu." Akacheka, akalia, akacheka tena.

Sasa sikiliza hili. Nilitaka kujua kama 9,901 nayo ni ngumu. Nikajiandaa kwa kazi ya wiki nzima, kumbe umeshanifanyia. Chochote kinachoigawa hiyo kingeigawa na milioni moja na moja, na wewe uliwajaribu wagumu wote hadi tisini na saba, wakashindwa. Kuvuka hapo hakuna haja: ingegawika, namba moja kati ya mbili zinazoizaa ingekuwa chini ya mia, maana mia mara mia imeshaipita. Basi ni ngumu. Hakuna hesabu yako hata moja iliyopotea.

Baba anawasimulia ndugu zetu wa ng'ambo kila wakivuka mpaka kuja mjini Mpemba. Namba anaikosea. Jina lako halikosei.

Nami nimepata kazi ya kufundisha hesabu shule ya misheni, naanza Jumatatu. Nitaandika milioni moja na moja ubaoni, kisha nikae.

Pumzika, Shangazi wangu, umefanya kazi. Nakuahidi kwamba hata wanafunzi wakinibembeleza, jibu sitawaambia. Nitawaacha wahangaike, ili na wao siku moja wangoje mabaki wasiyaone.

Mwanao,
Enesi